Agosti 12 na Watoto Wake wa Mpanda

Ndugu msomaji, kama kalenda ya ukutani iko karibu nawe, tafadhali ifunue mpaka mwezi wa Agosti, kisha uweke kidole juu ya tarehe 12. Yawezekana usione hapo chochote cha kukushtua. Si sikukuu ya taifa. Maonyesho ya Nane Nane yamekwisha pita kwa siku nne, mabanda yanabomolewa, na wafanyakazi wamerudi kazini wakiungoja mwisho wa mwezi. Kwa wengi wetu ni siku kama siku nyingine.

Hata hivyo, kila tarehe iliyomo katika kalenda ina watoto wake na ina mambo yake, na mtu mwenye subira ya kufukua atayakuta. Tumeichagua tarehe hii kwa sababu mmoja wa watoto wake ni wa Mpanda, nchi ambayo wasomaji wetu wa mijini huisikia zaidi katika taarifa za treni kuliko katika habari za historia.

Tarehe 12 Agosti 1948, katika wilaya ya Mpanda, alizaliwa mtoto wa kiume aliyepewa jina la Mizengo. Ndiye Ndugu Mizengo Kayanza Peter Pinda, ambaye kwao ni Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe. Mtoto huyo alisoma hata akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akatumikia Ikulu kwa miaka mingi, akaingia Bungeni mwaka 2000 kwa kura za watu wa Mpanda Mashariki, na mwezi Februari 2008 akawa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Alikishika cheo hicho hadi Novemba 2015. Mwenyewe alipenda kujiita mtoto wa mkulima, na wananchi wakalipokea jina hilo likamganda.

MPANDA YA MWAKA 1948

Hebu tuitazame Mpanda aliyozaliwa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kwa miaka mitatu tu. Wilaya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Wazungu walikuwa wamevutwa na madini ya risasi yaliyokuwa chini ya ardhi ya Mpanda, na ni kwa ajili ya madini hayo kwamba tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita 210 hivi, kupita katika misitu ya miyombo. Madini yalikwisha pungua nguvu kabla Uhuru haujakaa sana, lakini reli ilibaki, na mpaka leo ndiyo iliyoifanya Mpanda ikajulikana kwa watu ambao hawajawahi kufika huko.

Jambo la kuangalia ni hili. Mwezi huohuo wa Agosti 1948 serikali ya kikoloni iliwahesabu Waafrika wa Tanganyika katika sensa ya Afrika Mashariki. Walipatikana watu karibu milioni saba na nusu. Lakini makarani wa sensa ile hawakumwuliza mtu tarehe yake ya kuzaliwa, kwani walijua kwamba wengi hawakuwa nayo. Waliridhika kuwagawa watu katika mafungu mapana ya umri, watoto wachanga huku, watoto wakubwa kule, na watu wazima fungu lao. Kwa hiyo ndugu zetu wengi waliozaliwa mwezi ule katika vijiji vya Mpimbwe, Inyonga na Karema waliingia katika hesabu ya taifa, ila siku zao hazikuingia popote.

Mipaka nayo haikutulia. Mtu aliyezaliwa Mpanda mwaka 1948 alizaliwa katika Jimbo la Magharibi. Majimbo yalipovunjwa baada ya Uhuru akajikuta yumo katika Mkoa wa Tabora. Ulipoundwa Mkoa wa Rukwa mwaka 1974 akawa mtu wa Rukwa, na mwezi Machi 2012, Ndugu Pinda mwenyewe akiwa Waziri Mkuu, ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Mikoa hiyo yote imempitia mtu mmoja bila yeye kuhamisha hata kinu cha mama yake. Katika karatasi zake mahali pa kuzaliwa pamebadilika jina mara kadhaa, na kilichobaki palepale ni tarehe, kama anayo.

MWAKA MMOJA BAADAYE, GENEVA

Mtoto yule wa Kibaoni alipotimiza mwaka mmoja kamili, tarehe 12 Agosti 1949, wajumbe wa mataifa walitia saini mjini Geneva, Uswisi, mikataba minne mintarafu ya ubinadamu katika vita. Miwili ya kwanza yawahusu askari waliojeruhiwa au kuugua, wa nchi kavu na wa baharini. Wa tatu wawahusu mateka. Wa nne ndio uliokuwa mpya kabisa, kwa maana uliwawekea kinga raia wa kawaida, mama na mtoto wake, mkulima na jembe lake, watu ambao katika vita vile vilivyokwisha walikufa kwa mamilioni. Kuna pia kifungu cha tatu kilichorudiwa katika mikataba yote minne, kinachosema kwamba hata katika mapigano ya ndani ya nchi moja asiyeshika silaha asiuawe wala asiteswe. Tanganyika huru ilijiunga na mikataba hiyo mwaka 1962.

Utauliza, Geneva na Mpanda wapi na wapi? Miaka 10 baada ya sisi kujiunga, kuanzia mwisho wa Aprili 1972, raia wa Burundi waliuawa kwa wingi ndani ya nchi yao wenyewe, na karatasi ile yenye tarehe 12 Agosti haikuwaokoa. Waliowahi kukimbia walivuka na kuingia kwetu. Serikali iliwapa ardhi Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, na makazi haya mawili ya mwisho yamo katika Katavi ya leo. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga shule. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa hapo. Mwaka 2014 ndipo vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa, na zaidi ya watu 162,000 wa makazi yale matatu wakawa Watanzania.

Sasa fikiria mtu aliyekimbia usiku akiwa mgongoni mwa mama yake. Anayeomba uraia huulizwa alizaliwa lini na wapi. Ukiwa umezaliwa Katumba na mkunga wa jirani, na hukuandikwa, swali hilo dogo lina uzito kuliko gunia la mahindi.

WENZAKE WA SIKU MOJA

Turudi kwa waliozaliwa. Agosti 12 ina watoto wengi mashuhuri duniani. Erwin Schrödinger, mwanafizikia aliyesaidia kueleza tabia za chembe zilizo ndogo kuliko macho yawezavyo kuona, alizaliwa Vienna siku hiyo mwaka 1887. Jenerali Zia-ul-Haq aliyeitawala Pakistani alizaliwa siku hiyo mwaka 1924. Wapenzi wa tenisi watamkumbuka Pete Sampras wa Marekani, wa mwaka 1971.

Lakini anayetupendeza zaidi kumweka ubavuni mwa Ndugu Pinda ni François Hollande, Rais wa Ufaransa wa tangu 2012 hadi 2017, aliyezaliwa mjini Rouen tarehe 12 Agosti 1954. Kwa miaka mitatu na zaidi viongozi hawa wawili walikuwa madarakani wakati mmoja, na kila Agosti 12 kila mmoja aliongeza mwaka wake. Tofauti iko katika daftari. Ufaransa imeandika vizazi vyake katika madaftari ya serikali tangu mwaka 1792. Mtoto wa fundi viatu wa Rouen na mtoto wa tajiri wa Rouen wote wawili huandikwa palepale, kwa wino uleule, baada ya siku chache. Kwetu, sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kazi mwaka 1921, lakini kwa muda mrefu haikumlazimisha Mwafrika, wala haikumfuata kijijini kwake. Mkoloni alitaka kodi ya kichwa, na kwa kazi hiyo kichwa chenyewe kilitosha.

Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na kalenda yao. Waliozaliwa magharibi mwa nchi utawasikia wakisema, nilizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka tuliohamishwa kwa sababu ya malale, au kabla ya reli. Mdogo wangu, asema mwingine, alikuwa anatambaa Operesheni Vijiji ilipotukuta. Msidhani kalenda hii ni ya mchezo. Kwa kupanga nani amfuate nani ilifaa kabisa. Ilishindwa tu pale ilipokutana na fomu.

Babu mzaa mama wa mwandishi wa makala haya alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipokwenda mjini kutafuta kazi, karani alimtazama kutoka utosini hadi nyayoni, akamkadiria, akaandika Januari 1 na mwaka aliouona unamfaa. Baadaye mdogo wake akaajiriwa mahali pengine, na karani mwingine, pengine kwa sababu ya mvi chache za kurithi, akamwandikia mwaka wa mbali zaidi. Basi katika karatasi mdogo akawa kaka kwa miaka mitatu. Akastaafu kwanza, akalipwa kwanza, na babu akaendelea kuamka alfajiri kwenda kazini huku magoti yakimwuma. Nyumbani tulilicheka jambo hilo. Babu mwenyewe hakulicheka sana. Ukipita leo katika kiwanda chochote chenye wazee, uliza ni wangapi walizaliwa Januari 1, utastaajabu mama zetu walivyokuwa na kazi siku ile ya mwaka mpya.

DAFTARI LA KAREMA

Katika Katavi yote, mahali ambapo kuandika majina na siku kulianza mapema ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walifika huko mwezi Agosti 1879 wakiongozwa na Kapteni Cambier, wakajenga ngome. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, na wao, kama ilivyo desturi ya Kanisa Katoliki kila mahali, walifungua daftari la ubatizo. Kwa familia nyingi za pwani ile ya ziwa, cheti cha ubatizo kilikuwa ndicho karatasi ya kwanza kuonyesha kwamba mtu fulani amezaliwa.

Na hapo Karema aliishi mtu ambaye habari zake zastahili kusimuliwa kila mahali. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ya Mali, karibu na Timbuktu, yapata mwaka 1866. Nasema yapata, maana alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na siku yake ya kuzaliwa ikapotelea huko. Mapadre walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema. Alikaa hapo akiwatibu watu, bila kurudi kwao, mpaka alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka 67. Alioa huko, na mwanawe akapata upadre. Hebu piga hesabu ya watoto waliozaliwa Karema katika muda huo, na akina mama waliomwita daktari huyo usiku. Mtu aliyewaona wengine wakiingia duniani kwa miaka yote hiyo hakuwa na tarehe yake mwenyewe, na kalenda za dunia zinazoorodhesha waliozaliwa kila siku haziwezi kumweka mahali popote, wala tarehe 12 Agosti wala nyingine.

CHEREHANI, PUNDA MILIA NA TEMBO

Tusiwasahau akina mama na mafundi wa nguo. Tarehe 12 Agosti 1851 Isaac Singer wa Marekani alipewa hataza namba 8294 kwa cherehani aliyoitengeneza. Hakuwa wa kwanza. Elias Howe alikuwa amepata hataza yake mwaka 1846, akamshtaki, na Singer ikambidi alipe. Lakini Singer na wenzake walikuwa na akili ya biashara. Mwaka 1856 walianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, na hivyo mashine ambayo mke wa mfanyakazi asingeweza kuinunua kwa mkupuo ikaingia nyumbani kwake. Mashine nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, ya kukanyaga kwa mguu, ikafika mpaka barazani mwa maduka ya Tabora na Mpanda, na wengi wetu tuliovaa sare za shule tulizivaa kutoka chini ya sindano yake. Wako wazee wanaojua mwaka cherehani ilipoingia nyumbani kwao kuliko wanavyojua mwaka wa mtoto wao wa tatu, kwa sababu cherehani ilikuja na risiti.

Jambo la huzuni ni la mwaka 1883. Tarehe 12 Agosti mwaka huo, katika bustani ya wanyama ya Amsterdam iitwayo Artis, alikufa mnyama jike aitwaye kwaga, jamaa ya punda milia, mwenye mistari kichwani na shingoni tu na rangi ya hudhurungi mgongoni. Kwao ni Afrika Kusini, ambako makaburu waliwawinda kwa ajili ya ngozi na ili wasishindane na mifugo kwa majani. Huyo wa Amsterdam alikuwa wa mwisho duniani, na waliomlisha hawakutambua kuwa ndiye wa mwisho.

Punda milia wetu wa Katavi, ndugu wa damu wa kwaga, bado wapo. Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, mwezi Agosti ndio wakati mto Katuma unapokauka na kubaki madimbwi, na viboko wakabanana humo kama abiria wa daraja la tatu. Wenyeji wana heshima zao kwa Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake yasemekana hukaa katika mkwaju ulio kando ya ziwa Katavi, na wapo wanaoacha sadaka chini ya mti huo. Jina la mkoa mzima latokana na mwindaji huyo.

Tarehe hii imepewa pia tembo. Mwaka 2012, mwaka uleule ulioundwa Mkoa wa Katavi, Agosti 12 iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kuwa Siku ya Tembo Duniani. Haikuwa mapema. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa imeonyesha tembo wapatao 109,000 katika Tanzania, na ile ya mwaka 2014 ilikuta 43,000 tu na ziada kidogo. Majangili walikuwa wamevuna nchi. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 ikasimamishwa upesi kwa sababu ya maovu waliyotendewa wananchi, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakaondolewa. Aliyesimama Bungeni kutoa habari hiyo alikuwa Waziri Mkuu, mtoto yule wa Agosti 12 kutoka nchi ya tembo.

Mengine nayataja kwa kupita. Agosti 12, 1985, ndege ya shirika la Japani ilianguka mlimani ikiwa na watu 524, wakapona 4. Mwaka 2000 nyambizi ya Kirusi Kursk ilizama na mabaharia 118. Tangu mwaka huohuo wa 2000 Umoja wa Mataifa huiadhimisha siku hii kuwa Siku ya Kimataifa ya Vijana. Na mwaka 1981 kampuni ya IBM ilionyesha New York kompyuta yake ndogo ya mezani, kwa bei ya kuanzia dola 1,565, ambayo watoto wake na wajukuu wake sasa wamo katika kila ofisi.

Kompyuta hiyo yaturudisha kwenye daftari. Tangu mwaka 2013, kwa kuanzia Mkoa wa Mbeya, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, umekuwa ukiwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, mkoa baada ya mkoa, na habari zao hutumwa kwa simu ya mkononi. Cheti hicho cha kwanza hutolewa bila malipo. Sheria yataka kizazi kiandikishwe katika siku 90. Baada ya hapo haikatazwi, ila utaombwa vithibitisho zaidi, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo karatasi za kuthibitisha zinavyozidi kupotea katika kuhamahama kwa nyumba za kupanga.

Ndugu msomaji, kabla hujakwenda, hakikisha kwamba majina ya mtoto yameandikwa sawasawa na yale mtakayotumia shuleni, na kwamba majina ya baba na mama yanafanana na vitambulisho vyao. Herufi moja tu yaweza kuwarudisheni foleni. Na kama kadi ya kliniki bado ipo kabatini, chini ya khanga, anzeni na hiyo.